Dawa inayofunguliwa na mionzi, au sisplatini ya kila wiki? Ulinganisho kwa anayetakiwa kuanza tiba

Kwenye makundi ya familia zinazouguza saratani kuna habari inayorudi kila mara: wanasayansi wametengeneza dawa inayopita mwilini ikiwa imezimwa, bila kumdhuru mgonjwa, kisha mionzi ikiupiga uvimbe dawa inawaka hapo hapo na kuua saratani peke yake. Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Shida ni kwamba anayeisoma mara nyingi ameshapangiwa tarehe ya kuanza mionzi pamoja na dripu za sisplatini, dawa ya saratani ya siku nyingi yenye platini, na sasa moyo umegawanyika. Asubiri hiyo mpya? Auze kiwanja aende India? Au anapewa tiba ya kizamani kwa sababu tu hana fedha?

Natoa jibu kabla ya maelezo, maana wapo wasio na muda wa kusoma hadi mwisho. Kama umeambiwa uanze mionzi na sisplatini, anza tarehe uliyopewa. Dawa zinazofunguliwa na mionzi ni sayansi ya kweli na naifuatilia kwa hamu kubwa, lakini bado hakuna hata moja iliyoidhinishwa kutibu wagonjwa. Zipo ndugu zake wa karibu ambazo zimeshaingia hospitalini, na ipo iliyofika hatua ya mwisho ya majaribio ikaanguka. Zote nitazieleza, na zote nitazipima kwa swali moja: dawa inafanya kazi wapi, na seli za saratani zilizokwisha kutoroka nje ya eneo linalopigwa mionzi anaachiwa nani?

Tiba iliyopo: mionzi na sisplatini

Sisplatini iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1965 Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria, akaona wameacha kugawanyika na wanarefuka tu. Kumbe sababu haikuwa umeme. Ilikuwa platini iliyokuwa ikitoka kwenye vipande vya metali hiyo alivyotumia kupitishia umeme huo. Mwaka 1978 dawa iliidhinishwa Marekani. Leo hakimiliki yake imekwisha zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inaongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, mabadiliko yalikuja mwaka 1999. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani iliwatangazia madaktari matokeo ya majaribio matano yaliyoelekeza upande mmoja: sisplatini ikitolewa wakati wa mionzi, wanawake wengi zaidi wanapona. Uchambuzi uliounganisha majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2008 ulipata kwamba waliokuwa hai baada ya miaka 5 walipanda kutoka asilimia 60 hadi 66. Kuna watu huiona tofauti hiyo ni ndogo. Mimi naona wanawake sita katika kila mia ambao wangezikwa na hawakuzikwa, kwa dawa ambayo hospitali zetu zinaweza kuinunua.

Dawa hii haichagui. Ikiingia kwenye mshipa inafika kwenye figo, masikio, tumbo na neva za vidole kama inavyofika kwenye uvimbe. Kinacholenga hapa ni mionzi. Sisplatini hushika DNA ya seli na kuzifunga nyuzi zake, na seli iliyofungwa hivyo inashindwa kuyaziba majeraha ambayo mionzi imeyaacha. Pale mionzi inapopita, madhara mawili yanakutana. Pale isipopita, lipo moja tu. Kwa hiyo anayesema tiba ya sasa haina ulengaji wowote anakosea, maana ulengaji upo, ila umebebwa na mashine badala ya molekuli.

Siku ya dripu kwa kawaida huenda hivi. Damu inapimwa kwanza: wingi wa damu, chembe nyeupe, na kreatinini inayoonyesha hali ya figo. Mgonjwa anawekewa dripu ya maji ya chumvi, mara nyingi yakiwa na magnesiamu, anapewa dawa za kuzuia kutapika, ndipo sisplatini inaingia, miligramu 40 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Kisha maji tena. Dripu ni mara moja kwa wiki, kwa wiki 5 au 6. Mionzi ya nje inaendelea Jumatatu hadi Ijumaa, kama vipindi 25, halafu mionzi ya ndani, inayotolewa ndani ya mwili karibu na uvimbe, inafuata. Kazi yote inatakiwa iishe ndani ya wiki 8, kwa sababu tiba ikivutwa zaidi ya hapo, seli zilizobaki hai zinapata nafasi ya kuzaliana upya. Nasisitiza hili kwa anayefikiria kusubiri dawa mpya: hata mgonjwa aliyekwisha kuanza hupoteza akichelewa, sembuse ambaye hajaanza.

Yapo mambo ambayo wagonjwa huyanyamazia na hayafai kunyamaziwa. Anayetumia ARV zenye tenofovir amwambie daktari wa saratani, kwa kuwa tenofovir nayo inaweza kuchosha figo na sisplatini inaongeza mzigo juu yake. Asiziache ARV mwenyewe. Daktari ataangalia kama kuna haja ya kubadilisha. Anayesikia mlio masikioni baada ya dripu aseme siku hiyo hiyo, maana usikivu uliopotea kwa sisplatini kwa kawaida haurudi. Na kama uvimbe umebana mirija ya mkojo na kreatinini imepanda, daktari anaweza kuzibua mirija kwanza au kuchagua dawa nyingine. Huko ni kulinda figo, na mgonjwa asikae akidhani amenyimwa.

Kwa upande wetu wa dunia kuna sharti lililo chini ya yote haya, nalo ni mashine kufanya kazi. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, iliharibika pale hospitali ya Mulago, Kampala, na baadhi ya wagonjwa ikabidi wapelekwe Nairobi hadi nyingine ilipopatikana. Dawa yoyote itakayokuja siku moja ikiwa inafunguliwa na mionzi itakuwa mateka wa mashine hiyo hiyo. Kila senti inayotengwa leo kwa ajili ya fundi, vipuri na umeme wa kuaminika inaandaa njia ya tiba hizo mpya pia.

Dawa iliyofungwa kufuli

Sasa tuje kwenye habari yenyewe inayozunguka.

Sehemu kubwa ya mwili ni maji. Mionzi ikipita kwenye maji huyavunja, na kwa muda mfupi mno huzaliwa vitu viwili vyenye pupa ya kuingia kwenye kemikali nyingine: radikali za hidroksili, ambazo hunyang'anya elektroni, na elektroni huru zilizozungukwa na maji, ambazo hutafuta pa kujishikiza. Wakemia wameunda molekuli ambamo dawa kali imebandikwa kipande cha kuizima. Kipande hicho huachia kikigongwa na kimojawapo cha vitu hivyo viwili. Mionzi ndiyo ufunguo. Katika Chuo Kikuu cha Peking, kundi la Zhibo Liu limeonyesha kwa panya kwamba dawa zilizozimwa kwa namna hii, zikiwemo za jamii ya platini, zinaweza kuachiwa ndani ya uvimbe unaopigwa mionzi. Boston nako, katika Massachusetts General Hospital, watafiti wametengeneza viungo vya kemikali vinavyokatwa na mionzi na kuachia dawa iliyobebwa.

Kinachonishika zaidi hapa ni hesabu, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha ugumu ulipo. Greyi 1 ya mionzi (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika kilo 1 ya maji huzalisha takriban maikromoli 0.28 za radikali za hidroksili (maikromoli ni sehemu moja ya milioni ya moli, kipimo cha wakemia cha wingi wa molekuli), na elektroni huru kiasi kinachokaribia hicho. Kipindi kimoja cha kawaida cha mionzi ni greyi 2 au chini kidogo, yaani kama maikromoli 0.56. Hata ukijumlisha kozi nzima ya greyi 60, hupati zaidi ya maikromoli 17 kwa kilo. Tena hapo ni kwenye maji safi. Ndani ya seli kuna protini, sukari na vitu chungu nzima vinavyozidaka radikali kabla hazijaifikia dawa.

Maana yake ni kwamba kiasi cha dawa kinachoweza kufunguliwa ni kidogo sana, na dawa ya nguvu ya kawaida haitatosha. Ndiyo sababu watafiti wamekimbilia sumu kama auristatini, maarufu kwa jina la MMAE, inayoua seli kwa viwango vya nanomoli, yaani elfu moja ya maikromoli. MMAE haiwezi kupewa mtu ikiwa huru. Ni kali mno. Tayari inatumika ikiwa imefungwa kwenye kingamwili, katika dawa ya brentuximab vedotin iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011 kwa baadhi ya saratani za mitoki. Hapo ndipo faida na hatari vinapokaa chumba kimoja: kufuli likiwa imara, mgonjwa anabeba sumu kali bila kuisikia, kufuli likivuja hata kidogo kwenye ini au kwenye damu, madhara yake yatakuwa mabaya kuliko ya sisplatini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul waliliendea tatizo la hesabu kwa njia nyingine, na kwa maoni yangu ni ya werevu. Badala ya kutegemea radikali zenyewe, walifunga dawa kwa mnyororo unaokatwa na kaspasi 3, kimeng'enya kinachofanya kazi ndani ya seli inapokufa. Mionzi inaua seli chache za kwanza, hizo zinatoa kimeng'enya, kimeng'enya kinafungua dawa, dawa inaua seli za jirani, nazo zinatoa kimeng'enya zaidi. Kiasi cha dawa hakitegemei tena idadi ya radikali. Ila seli hufa kila siku katika sehemu nyingi za mwili wenye afya, na swali la ni kiasi gani cha dawa kitafunguka huko haliwezi kujibiwa na panya.

Kwa haki niseme pia pale ambapo njia hii inaizidi ya zamani. Elektroni huru humezwa upesi na oksijeni, kwa hiyo dawa zinazofunguliwa nazo hufanya vizuri zaidi kwenye sehemu za uvimbe zilizokosa oksijeni. Na sehemu hizo ndizo sugu: seli isiyo na oksijeni huhitaji mionzi karibu mara 2.5 hadi 3 ili ife sawasawa na yenye oksijeni. Dawa inayowaka pale pale ambapo mionzi inashindwa ni jambo ambalo sisplatini hailifanyi. Nikitakiwa kutaja sababu moja ya kuendelea kuwekeza katika utafiti huu, nitataja hiyo.

Upungufu wake mkubwa umo ndani ya sifa yake. Dawa inayofunguka kwenye eneo la mionzi tu haina la kufanya kwa seli iliyokwisha kusafiri hadi kwenye pafu.

Kwa nini jambo hilo lina uzito

Kuna jaribio linaloitwa INTERLACE, lililochapishwa mwaka 2024, ambalo naliona ni habari kubwa zaidi kwa wanawake wa Afrika Mashariki kuliko kufuli lolote la molekuli. Wanawake 500 wenye saratani ya mlango wa kizazi, katika nchi za Uingereza, Meksiko, India, Italia na Brazili, waligawanywa makundi mawili. Wote walipata mionzi na sisplatini. Kundi moja lilitanguliziwa wiki 6 za dripu za kaboplatini na paklitakseli, dozi ndogo kila wiki. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa asilimia 80 katika kundi lililotanguliziwa dripu na 72 katika kundi lingine.

Angalia faida ilitoka wapi. Saratani iliyorudi kwenye nyonga ilikuwa sawa kwa makundi yote mawili, asilimia 16. Iliyorudi mbali ya nyonga ilishuka kutoka asilimia 20 hadi 12. Faida ilipatikana nje ya eneo la mionzi, kwa dawa mbili za zamani zisizochagua pa kwenda. Dawa inayofunguka kwenye nyonga tu isingewafikia wanawake hao waliookoka. Tahadhari ni kwamba wengi walioshiriki walikuwa hatua ya pili ya ugonjwa, na wengi wa wanaofika hospitali zetu wako mbele zaidi ya hapo. Pia wiki 6 za mwanzo zina maana tu kama mionzi inaanza mara zikiisha. Zikigeuka kuwa njia ya kumshikilia mgonjwa wakati foleni ya mashine ni ndefu, hilo ni jambo tofauti na lililojaribiwa. Hata hivyo swali la kumwuliza daktari lipo: je, mgonjwa wangu anafaa kutanguliziwa kaboplatini na paklitakseli?

Mionzi inayoweka alama, na virusi vilivyobeba jeni

Njia nyingine haifungui dawa kwa mionzi, bali hutumia mionzi kuweka alama ili dawa ijue pa kushukia. Mwaka 2016 watafiti wa Memorial Sloan Kettering, New York, akiwemo Daniel Heller, walionyesha kwamba mishipa ya damu ya uvimbe uliopigwa mionzi hutoa protini iitwayo P-selektini. Wakatengeneza chembechembe ndogo za nano kwa fukoidani, sukari ya mwani wa kahawia inayoshikana na P-selektini, wakazijaza dawa. Kwa panya, chembechembe zilikusanyika kwenye uvimbe uliopigwa mionzi. Naweka neno hapa kwa wasomaji wa Pwani: mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyekundu na hutoa karajinani, si fukoidani, na hata fukoidani yenyewe hapo ilikuwa chombo cha kubebea dawa. Asitokee mtu wa kukuuzia unga wa mwani kama tiba ya saratani.

Mwaka uliofuata kundi la Boston lilionyesha kwamba mionzi huvuta seli za kinga kwenye mishipa ya uvimbe, na mishipa hiyo hupasuka kwa vipindi na kumwaga ndani dawa za nano, yaani zilizobebwa na chembechembe ndogo mno. Uzuri wa ugunduzi huu ni kwamba hauhitaji molekuli mpya, kwani dawa za nano zipo tayari hospitalini. Unahitaji kupanga vizuri saa ya mionzi na saa ya dripu.

Kuna moja iliyofika mbali zaidi ya zote, na mwisho wake unafaa kujulikana na kila anayesoma habari za dawa mpya. Ralph Weichselbaum wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake waligundua kwamba kipo kipande cha DNA kinachowashwa na mionzi. Wakakiunganisha na jeni ya TNF, protini inayoweza kuua seli za saratani, wakaviweka vyote ndani ya adenovirusi. Daktari anachoma virusi kwenye uvimbe, mionzi inapita, jeni inawaka, TNF inazalishwa hapo hapo. Waliiita TNFerade. Ilifaulu kwa panya, ikapita majaribio ya mwanzo kwa binadamu, ikafika awamu ya tatu, ile ya mwisho kabla ya kuombewa idhini, kwa wagonjwa 304 wenye saratani ya kongosho isiyoweza kupasuliwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013: muda wa kati wa kuishi (ule ambao nusu ya wagonjwa waliupita) ulikuwa miezi 10.0 kwa waliopewa na miezi 10.0 kwa wasiopewa.

Wazo lilikuwa zuri, na kwa panya mionzi iliiwasha jeni kama ilivyokusudiwa. Lakini saratani ya kongosho huua sana kwa kusambaa, na dawa iliyofungwa kwenye eneo moja haikubadilisha hilo. Ninapoona kichwa cha habari kuhusu panya waliopona, nakumbuka familia za watu hao 304.

Zilizokwisha kuingia hospitalini

NBTXR3, ya kampuni ya Nanobiotix ya Paris, ni chembechembe za oksidi ya hafni. Hazibebi dawa. Hafni ni elementi nzito, namba yake ya atomu ni 72, hivyo hunasa mionzi kuliko maji na kuifanya iumize zaidi seli zilizo karibu. Daktari huchoma sindano moja ndani ya uvimbe kabla ya mionzi kuanza. Katika jaribio la wagonjwa 180 wa sarkoma, saratani ya misuli na nyama laini, lililochapishwa mwaka 2019, waliokutwa uvimbe wao umekufa kabisa au karibu kabisa wakati wa upasuaji walikuwa asilimia 16, ikilinganishwa na 8 kwa mionzi peke yake. Mwaka huo huo ilipata idhini ya Ulaya kwa sarkoma hiyo, kwa jina la Hensify. Imeendelea kujaribiwa kwa wazee wenye saratani ya kichwa na shingo ambao figo au umri hauwaruhusu kupewa sisplatini, na huko naona ndiko mahali pake hasa.

Nyingine imegeuza mpango mzima: dawa ndiyo inayobeba mionzi. Lutetiamu 177, elementi inayotoa mionzi, hufungwa kwenye molekuli inayoshika PSMA, protini iliyojaa kwenye seli nyingi za saratani ya tezi dume, ikachomwa kwenye mshipa. Popote seli hizo zilipo, kwenye mfupa wa nyonga au mtoki wa shingoni, mionzi inatolewa hapo, na masafa yake ni kama milimita 2 tu. Jaribio la VISION, la wanaume 831 ambao saratani ilikuwa imesambaa na dawa nyingine zimeshindwa, lilipandisha muda wa kati wa kuishi kutoka miezi 11.3 hadi 15.3. Marekani iliidhinisha mwaka 2022 kwa jina la Pluvicto. Madhara ya kawaida ni kinywa kukauka, uchovu na damu kushuka. Bei ya orodha huko Marekani ilipozinduliwa ilikuwa dola 42,500 kwa dozi moja, na dozi zinafika 6. Wenzetu wa Afrika hawakukaa pembeni: Pretoria, Afrika Kusini, Profesa Mike Sathekge na kundi lake ni miongoni mwa waliotangulia duniani kutibu kwa aktinamu 225, elementi nyingine inayotoa mionzi, iliyofungwa kwa njia hiyo hiyo.

Hii ndiyo pekee katika orodha yangu inayojibu kikamilifu swali la seli zilizotoroka, kwa sababu inazifuata.

Nani achague nini

Mwenye saratani ya mlango wa kizazi ambayo haijasambaa mbali, chaguo lake ni mionzi na sisplatini kwa wakati, na aulizie dripu za kutangulizwa. Sioni sababu ya kumsafirisha nje kwa ajili ya dawa inayofunguliwa na mionzi. Fedha za safari zinafaa zaidi kwenye nauli za kila siku, chakula na malazi karibu na hospitali, ili asikose kipindi hata kimoja. Mwenye uwezo mkubwa wa fedha anaweza kuulizia pembrolizumab, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, ambayo Marekani iliidhinisha Januari 2024 kuongezwa kwenye mionzi na sisplatini kwa waliofika hatua za mbele.

Saratani ya kichwa na shingo ni hadithi nyingine. Hapo ugonjwa mara nyingi hurudi pale pale ulipoanzia, na sisplatini huongeza uhai kwa takriban asilimia 6.5 baada ya miaka 5, lakini faida hiyo hupungua kadiri umri unavyopanda. Kwa hiyo dawa inayofanya kazi ndani ya eneo la mionzi tu ina mantiki zaidi hapa kuliko penginepo. Mzee wa miaka 75 mwenye figo dhaifu, aliyeko mahali penye jaribio la chembechembe au la dawa ya kufungua, ana sababu ya kweli ya kulifikiria.

Baba mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, ambaye dawa za homoni zimeacha kufanya kazi, aulize kwanza kuhusu kipimo cha PET cha PSMA, yaani picha ya mwili inayoonyesha palipo na protini hiyo. Kisipowaka kwenye uvimbe, lutetiamu haitamfaa hata akiwa na fedha zote, na hakuna haja ya kukata tiketi ya India kabla ya kujua hilo.

Akikualika mtu kwenye jaribio la dawa inayofunguliwa na mionzi, muulize imewahi kupewa binadamu wangapi na kwa awamu ipi, kama utaendelea kupata tiba ya kawaida ukiwa ndani ya jaribio, na nini kitafanyika kwa saratani iliyo nje ya eneo la mionzi. Omba kuona vibali. Tanzania jaribio la dawa linatakiwa kuwa na kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Kenya, mamlaka ya dawa ni Bodi ya Famasia na Sumu. Fomu ya ridhaa uisome kwa lugha unayoielewa, uende nayo nyumbani, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa tiba ya kawaida. Katika jaribio halali, dawa inayojaribiwa kwa kawaida hutolewa bure. Ukiombwa kuilipia, usitie saini kabla daktari wako wa saratani hajaiona fomu hiyo.